Miche ya mtaani Tanga: waja leo, waondoka leo. Tunakosea wapi?

Kijana_wa_Ngamiani (jana, saa 3 usiku)

Habari za humu wakuu, poleni na majukumu. Nina swali la miti, najua humu kuna watu wa kilimo na watu wa misitu, hebu nisaidieni mwenzenu maana kesho kutwa tuna kikao na sitaki kwenda kuongea pumba mbele za watu.

Niko Tanga mjini, mtaa sitautaja maana mwenyekiti wetu na yeye humu huwa anapita kimya kimya (shikamoo mwenyekiti). Mwaka juzi Desemba 9, siku ya Uhuru, tulifanya zoezi la kupanda miti mtaa mzima, kuna shirika lilileta miche 150, fulana za kijani, maji ya chupa na mpiga picha. Watu walijitokeza haswa, akina mama, vijana wa bodaboda, watoto wa shule, hadi mzee mmoja hapo jirani ambaye kutoka nje kwake ni mpaka Idi alikuja na kiti chake akakaa kivulini anatuelekeza. Masaa matatu miche yote imeisha, tukapiga picha, tukala pilau, tukarudi majumbani tunajiona wa maana.

Sasa wale watu wanataka kurudi na miche mingine 200. Nikasema kabla ya kikao ngoja nizunguke na daftari nihesabu ile ya kwanza. Wakuu, iliyo hai ni 21. Ishirini na moja kati ya 150! Siku zote watu wakisema Tanga waja leo waondoka leo mi nilikuwa najua wanasemwa wageni, kumbe na miche imo.

Kilichoniuma zaidi ni huu mmoja wa kwenye kona. Mwarobaini, umekauka umesimama vile vile kama fimbo, nikaushika niung'oe ukatoka kwa mkono mmoja bila hata nguvu, na chini yake ukaja na kiriba chake cheusi, kile kifuko cha plastiki cha kitaluni, kizima, hakijachanwa popote, udongo mle ndani umekuwa tofali na mizizi imejizungusha mara tatu nne imekosa pa kutokea. Mtu kauweka shimoni na nguo zake! Na siwezi kusema sio mimi, maana ile kona tulikuwa tunapanda mimi na jirani yangu na harufu ya pilau ilikuwa ishaanza.

Afu kuna kitu nimekiona kwenye ile 21 iliyopona. Haijapona ovyo ovyo. Minne ipo kwa fundi baiskeli, ule mkubwa kuliko yote ndio anatundikia matairi. Mitatu kwa mama wa maandazi, miwili kwenye kijiwe cha bao, iliyobaki ipo mbele ya milango ya watu wale wale ambao hata vibaraza vyao vinafagiliwa asubuhi. Kando ya uwanja wa mpira tulipanda 40 kwa mstari, ilipendeza kwenye picha, hakuna hata mmoja.

Kwa hiyo naomba kujua: tupande mwezi gani, miti gani inafaa huku kwetu, nani amwagilie, na je tuwakatalie hao wafadhili au tupokee tu?

---

Msumari

Mlikosea kwenye pilau. Pilau inaliwa mti ukifikisha mwaka.

---

MzeeKitalu

Kijana wangu umefanya jambo moja ambalo wengi hawafanyi, umerudi kuhesabu. Mimi nimestaafu kazi za misitu, sasa hivi nina kakitalu kangu kadogo tu nyuma ya nyumba huku njia ya Pongwe, naongea kwa nilichokiona.

Kosa lenu la kwanza sio kiriba, ni tarehe. Desemba 9 vuli inaaga. Mche umeingia ardhini, umepata mvua mbili tatu za kukuaga, Januari ikaingia kaskazi, yale majira ya joto na ukavu, na jua la Tanga mnalijua, Februari ardhi inapasuka, mche bado mizizi yake haijavuka kipimo cha kiganja. Huo utaishije? Panda mwishoni mwa Machi mpaka katikati ya Aprili masika ikishashika. Hapo unapata masika yote mpaka Mei, unapata manyunyu ya mchoo Julai na Agosti, Oktoba vuli inakuja tena, mpaka ije kaskazi ya Januari mche una miezi tisa na mizizi ishajua njia ya chini. Mche ule ule, shimo lile lile, tofauti ni kalenda. Watu wanapenda kupanda siku za sherehe kwa sababu watu wapo, sawa, basi siku ya sherehe chimbeni mashimo.

Shimo liwe futi mbili upana na futi mbili kwenda chini. Najua mtalalamika. Ule udongo wa juu mweusi weka upande mmoja, wa chini upande mwingine, changanya wa juu na samadi iliyooza debe moja na ndio unatangulia kurudi. Sisi watu wa Tanga tuna bahati ya makumbi ya nazi, tandika makumbi chini kabisa ya shimo, yanakunywa maji masika na kuyaachia taratibu jua likija, wazee wetu walikuwa wanapandia minazi hivyo hivyo hakuna jipya. Ukipanda pwani kabisa kule Raskazone ukichimba kidogo unakutana na mwamba wa matumbawe, huku kwetu Pongwe ni chokaa, kwa hiyo shimo dogo ni sawa na kumpanda mche kwenye sahani.

Kiriba mwagilia kwanza ili udongo usimeguke, kisha kichane kwa wembe ubavuni na chini, ukate na kile kimsokoto cha mizizi iliyojikunja kitakoni, usiogope, itatoka mingine. Ukimaliza acha kisahani kuzunguka shina, kiwe chini kidogo ya usawa wa ardhi ili maji yakae. Wengi wanafanya kinyume, wanajaza tuta, maji yanakimbilia kwa jirani. Juu weka matandazo, majani makavu au makumbi tena, ila yasiguse shina maana mchwa watakushukuru.

Na chukueni miche mirefu, futi tatu au nne, iliyokaa kitaluni ikazoeshwa jua. Ile ya kimo cha kalamu ni ya kupanda shambani sio mtaani. Mtaani kuna mbuzi, kuna mpira, kuna mtu anarudi usiku na mambo yake.

Aina ya miti nitarudi baadae, nina mgeni hapa.

---

Bi_Mpangaji

Kaka yangu Kijana, hujambo. Mi naomba niguse upande ambao naona wanaume mnauruka. Mnaandika "imwagiliwe". Na nani? Mimi nimeshiriki zoezi kama hilo mtaa mwingine hapa hapa mjini, tukaambiwa kila nyumba itunze mti wake, wanaume wote wakaitikia ndio ndio, kuanzia kesho yake anayebeba ndoo ni mie na binti wa nyumba ya pili.

Sasa nyumba tunayoishi mita ya maji ni moja wapangaji sita, bili tunachanga sawa. Nikatoka na ndoo ya kwanza tu nikasikia mtu ndani anauliza "hayo maji ya barabarani tunayalipia sisi?" Na hana makosa, pesa yake. Nikaacha maji ya bomba nikaanza kutumia ya kuoshea mchele, ya kuoshea samaki, na yale ya suuza ya mwisho ya nguo, sio povu la kwanza na kamwe sio yale yenye dawa ya kung'arishia nguo nyeupe. Mti umekubali. Una mwaka wa tatu huu, mzambarau. Wanaokaa chini yake sasa ni hao hao walioitikia ndio ndio.

Jambo la pili. Ile nyumba nilitaka nipande na kamwembe uani, mwenye nyumba akanikatalia kabisa, akasema mama panda mpapai, panda mchicha, panda bamia, mwembe hapana. Mwanzo nikamuona mchoyo. Baadae bibi mmoja akanielewesha kwamba huku pwani mti wa kudumu sio mti tu, ni kama sahihi. Aliyepanda mnazi au mwembe ana neno lake kwenye ile ardhi, na siku ya kupimiwa fidia miti inahesabiwa, basi mtu anaogopa kesho mpangaji aje aseme "mwembe wangu". Kwa hiyo kwenye kikao chenu muulizane mapema miti ya barabarani ni ya nani, matunda ya nani, na anayetaka kukata anaomba wapi. Msipoulizana mtu atapokea mche kwa adabu, aupande, na atauacha ufe kwa adabu.

---

Kijana_wa_Ngamiani

Dada umenigusa. Nimeangalia daftari langu, mlango mmoja ambao niliandika "hawajali" nimekumbuka wote mle ni wapangaji.

Mzee shikamoo, nasubiri hiyo aina ya miti. Na mbuzi nao tunafanyaje?

---

abuu_zigi

Assalaam alaykum. Mi sina elimu ya miti ila nina kisa kimoja cha msikitini kwetu.

Nyuma ya msikiti palikuwa na tope la kudumu, yale maji ya udhu yalikuwa yanatoka kwenye bomba yanamwagika njiani, watu wanaruka ruka na kanzu zao, mbu ndio usiseme. Fundi mmoja wa bomba anayeswali pale akasema jamani mnalalamika maji hakuna, haya yanayopita hapa mara tano kwa siku ni nini? Akachimba kamtaro, akalaza bomba lenye matobo, tukapanda miti sita pembeni yake, mikungu miwili na miarobaini minne. Hakuna mtu aliyewahi kumwagilia ile miti. Hakuna zamu, hakuna grupu la WhatsApp la kukumbushana. Kaskazi ya mwaka wa kwanza mitaa yote ya jirani ilikauka, pale kwetu majani yanadondosha maji. Maji ya udhu hayana sabuni, yanakuja alfajiri, adhuhuri, alasiri, magharibi na isha, mti gani utapata huduma hiyo?

Sasa hivi jeneza likija watu wanasubiri kivulini. Na ustadhi kila mwaka anawakumbusha watoto wa madrasa kwamba mti akila ndege, akila mtu, akila mnyama, aliyepanda ana sadaka yake. Watoto wanachukulia kweli, kuna mmoja alinishitaki nimevunja tawi la mswaki.

Kijana kabla ya kutafuta nani amwagilie, zunguka mtaa wako uangalie maji gani yanamwagika bure. Msikiti, shule, kinyozi, wanaoosha bodaboda, genge la supu. Anza kupanda hapo.

---

Toroli

Hii mada nzuri sana. Mi niongeze la nje kidogo. Freetown kule Sierra Leone mwaka 2017 mwezi wa 8 mlima uliporomoka kwa mvua, waliokufa na waliopotea ni zaidi ya watu 1,000, na moja ya sababu zilizosemwa ni kwamba miti mlimani ilikuwa imekatwa watu wakajenga. 2020 jiji likaanzisha mradi wa kupanda miti 1,000,000. Ila walichokifanya sio kuhesabu mashimo, kila mche ulipewa namba yake kwenye programu ya simu, na wakazi wa maeneo hayo hayo ndio walipewa kazi ya kuitunza, mtu anarudi kwenye mche wake anapiga picha, ikionekana upo hai analipwa kwa simu. Yaani unalipwa kwa mti kuishi sio kwa mti kupandwa. Na New York walianza 2007 wakafika milioni moja 2015.

Nauliza kwanini sisi tusifanye hivyo? Badala ya hao wafadhili kununua fulana 150 wamlipe mtu kidogo kidogo kila mwezi kwa mche wenye picha. Simu kila mtu anayo.

---

Kiti_Kirefu

Toroli mkuu, New York kuna mbuzi?

Mi nakupinga kwa heshima. Nimeona mradi wa kulipa watu kumwagilia, sio wa jiji ni wa watu binafsi tu, miezi mitano ya kwanza raha tupu, mwezi wa sita pesa ikachelewa, mwezi wa saba hata yule aliyekuwa anamwagilia mwarobaini wa mlangoni kwake bure kabla ya mradi akaacha, anasema nisubiri nilipwe. Ukishaweka bei kwenye kitu ambacho mtu alikuwa anakifanya kwa mapenzi, siku bei ikiondoka na mapenzi yanaondoka.

Na tatizo kubwa sio la mtaa, ni la hesabu. Lengo la kitaifa ni kila halmashauri ipande miti 1,500,000 kwa mwaka. Sawa, ni lengo zuri, ila swali linaloulizwa huwa ni mmepanda mingapi. Hakuna anayeuliza ya mwaka juzi iko wapi. Ukiuliza swali la namna hiyo utaletewa jibu la namna hiyo, watu watapanda mstari pembeni ya uwanja wapige picha waende.

---

Toroli

Mkuu hoja yako ya mapenzi naielewa ila mapenzi yenyewe mwenzetu hapo juu kahesabu, ni 21 kati ya 150. Mi bado nasema hata kama sio pesa taslimu, mtu apewe dumu, apewe fito za uzio, alipiwe bili ya maji ya miezi mitatu ya kaskazi tu. Sio mwaka mzima. Januari mpaka Machi.

---

Kiti_Kirefu

Bili ya miezi mitatu sawa, hapo nakubali. Picha za kila wiki hapana.

---

MzeeKitalu

Nimerudi. Mgeni alikuwa anataka miche ya ashoki 30 ya kuzungushia ukumbi, nikamuuzia, biashara ni biashara, ila mtaani msipande ashoki mkitegemea kivuli, ule mti umesimama kama mlingoti wa bendera, kivuli chake kinamtosha kuku mmoja.

Mwarobaini ndio mti wa kazi. Unavumilia jua, unavumilia udongo mbovu, mbuzi hauchangamkii sana akiwa na kingine cha kula kwa sababu ya uchungu, na ukikatwa unachipua. Mkungu kwa mji wa pwani hauna mpinzani kwenye kivuli, matawi yanalala kama mwavuli, upepo wa chumvi hauusumbui, ila upe nafasi, hatua nane mpaka kumi kutoka ukuta, mizizi yake ikipata sakafu ya simenti inaibeba. Ufukweni kabisa ni mvinje. Mzambarau mzuri ila sio juu ya pale unapoanika nguo nyeupe. Chini ya nyaya za umeme pandeni mifupi, mpera, mkomamanga, mstafeli. Mkipanda mkungu chini ya waya msije mkalia siku unapunguzwa kichwa, aliyekosea ni aliyepanda.

Na mtu akikuletea mti akakusifia tu kwamba "unakua haraka", muulize na mwisho wake. Pale Amani, kule Muheza, Wajerumani walianzisha bustani ya majaribio mwaka 1902, wakaleta miti ya kila pembe ya dunia. Mingine imetufaa sana, lakini kuna mmoja unaitwa Maesopsis ulitoka bustanini ukaingia msitu wa asili wa Usambara Mashariki, mbegu zinabebwa na ndege, mpaka leo ni shida. Na msitu ule ndio unaochuja maji ya mto Zigi, ambayo yanakusanywa bwawa la Mabayani na kuja kwenye bomba zenu hapo mjini. Kwa hiyo ndoo anayobeba yule dada mpangaji imetoka kwenye miti pia.

Uzio: usinunue waya. Fito nne, mbili kwa mbili, zungushia makuti au matete mpaka kifuani, bei yake inaweza kuzidi ya mche wenyewe na ndio maana wafadhili hawaupendi, hauonekani vizuri kwenye picha. Mche usio na uzio mtaani ni chakula cha mbuzi kilichopandwa kwa mstari.

Maji: kaskazi ya kwanza, mara mbili kwa wiki lita kumi kumi, taratibu, jioni. Sio kikombe kila siku, kikombe kinalowesha juu tu na mizizi inafuata maji juu. Kama mtu hana muda achukue chupa ya lita moja na nusu, atoboe kifuniko kwa sindano, aikate kitako, aichomeke kichwa chini pembeni ya shina, ajaze. Na msitumie maji ya kisima bila kuyaonja, visima vingi vya karibu na bahari vina chumvi, mche utaungua majani pembeni mtasema una ugonjwa.

---

Dada_wa_Raskazone

Naomba na mie nisemee tunaoonekana maadui. Mbele ya kwangu kuna mkungu mkubwa, nilioukuta. Mara mbili kwa mwaka unapukutisha majani mekundu mazuri kweli kwa kupiga picha, nafagia viroba vitatu asubuhi na jioni kama sijafanya kitu. Usiku popo wanakula kungu wanaangusha kokwa juu ya bati, ko, ko, ko, mpaka alfajiri. Kunguru hawa weusi wenye shingo ya kijivu wamejenga humo, wakiwa na makinda ukipita na sahani ya samaki unapigwa kichwani. Nimeshaomba ukatwe mara mbili.

Halafu mwaka juzi mama mkwe alikuja kukaa kwangu, Februari, umeme ulikuwa unakatika, ndani hakukaliki. Yule mama alihamia chini ya mkungu na mkeka wake kuanzia saa 4 asubuhi mpaka magharibi, anapokelea wageni pale, anasukia ukili pale, akarudi kwao anasimulia kwamba mkwe wake ana baraza lenye upepo. Sijaomba tena ukatwe. Ila nimeomba upunguzwe matawi ya juu ya bati, na viota viondolewe kabla havijawa na makinda. Mkipanda miti pangeni na nani atafagia, maana hilo halipo kwenye hotuba yoyote.

---

Msumari

Usisahau wenye maduka. Kwetu kuna miti miwili ilikauka ghafla inatazamana na duka moja, watu wakasema ugonjwa, kumbe ilikuwa inaziba bango. Mtu akimwagia mti maji ya moto usiku hakuna mzee wa kitalu atakayeuokoa. Ongeeni na wenye maduka kabla, mti usogezwe hatua mbili tu na wote mnapona.

---

Bi_Mpangaji

Mzee shikamoo. Hiyo ya kutoboa kifuniko nimeifanya leo, nimetumia sindano ya kushonea imeniingia kidoleni. Moto unafaa zaidi, pasha msumari mdogo.

---

Kijana_wa_Ngamiani (leo, saa 2 usiku)

Wakuu nimesoma zote, nyingine mara mbili. Nilichoandika kwenye daftari kupeleka kikaoni ni hiki, mnirekebishe.

Miche 200 hatupokei. Tutawaomba 60, mirefu, na hela ya ile 140 ije kama fito, makuti, samadi na bili ya maji ya Januari mpaka Machi kwa watakaopokea. Wakikataa basi watuletee 60 tu na fulana wabaki nazo. Hakuna mche unaochimbiwa shimo kabla hatujaandika jina la mtu, na simaanishi jina la nyumba, jina la mtu mwenye kijiwe au kibaraza pale pale. Fundi baiskeli kashasema anataka mwingine, nimemuuliza wa nini na wewe unayo minne, anasema huu wa kwanza matairi yamejaa. Mama wa maandazi naye kaomba mkungu, atafagia mwenyewe. Uwanja wa mpira tunauacha kwanza mpaka tupate maji ya karibu. Msikitini nimeenda leo baada ya alasiri nimeangalia bomba la udhu linapotokea, linamwagika kwenye mtaro wa barabara, hatua kama sita tu kutoka pale panapokosa kivuli. Imamu kasema hana neno, nimlete fundi.

Kupanda mwisho wa Machi. Wapangaji wataandikwa wao kwa majina yao kama watunzaji, na mwenye nyumba atasaini kwamba mti wa barabarani ni wa mtaa, hauna fidia ya mtu. Hilo najua litachukua kikao kizima.

Kuna mmoja tu amenishinda. Nilipendekeza mkwaju pale kwenye kijiwe cha bao maana unadumu miaka na miaka, bibi mwenye nyumba ya pembeni kakataa katakata, anasema mkwaju hauishi peke yake, una wenyewe, na yeye usiku anatoka kwenda chooni. Nimeufuta. Tumeweka mwarobaini.

Mzee, miche 60 ya futi tatu unaweza kuwa nayo mwezi wa tatu?

---

MzeeKitalu

Marahaba. Arobaini ninayo, ishirini nitakutafutia kwa mwenzangu. Njoo Jumamosi uione mwenyewe, usinunue miche kwenye simu. Na uje na mtu wa toroli, sio bodaboda, upepo wa pikipiki unachana majani yote mpaka ufike Ngamiani una vijiti.

---

Kiti_Kirefu

Toroli, umeitwa.

---

Toroli

Hahaha nipo, Jumamosi sina kazi. Ila nitapiga picha.

---

Mpita_Njia_75

Marahaba kijana. Nimesoma yote. Kikao ni saa 10 jioni sio saa 11 kama ulivyowaambia wenzako, na kiti cha yule mzee atakuja nacho mwenyewe. Suala la kusaini wenye nyumba uliongee wewe, mimi mwaka huu nina uchaguzi.

Na ile kona ya mwarobaini wenye kiriba ulikuwa unapanda wewe. Picha ninayo.